Popo wa Singida mwenye miaka milioni 46

Juzi popo alidondoka kutoka darini kwetu hapa Kizota, Dodoma, akafia kwenye beseni la nguo. Mama mdogo akang'aka: "Hebu mtupe huko, mwanangu, mkosi huo!" Sikumtupa. Nilimlaza juu ya gazeti nikamkunjua bawa. Vidole vinne vyembamba kama njiti za mwavuli, ngozi imewambwa kati yake, kidole gumba kimechomoza juu na kaukucha kake. Ngozi yenyewe ni laini kuliko ganda la kitunguu. Kitu kama hiki kinasaliaje kwenye mwamba?

Mara nyingi hakisalii. Wanyama wanyonyeshao wa zama za dinosaria tunawajua zaidi kwa meno na vipande vya taya, na jino halisemi kama mwenyewe alikuwa na utando wa kutelezea hewani kutoka mti hadi mti. Ndiyo maana ugunduzi wa China ulishtua. Mwaka 2006 alitangazwa Volaticotherium kutoka Mongolia ya Ndani, mnyama mdogo ambaye utando wake uliacha alama kwenye jiwe, hadi manyoya yake. Mwaka 2017 wakafuata Maiopatagium na Vilevolodon, wa miaka kama milioni 160, nao wakiwa na utando. Maua yalikuwa bado hayajatapakaa duniani. Hao walikula mimea ya zama za misonobari.

Wala tusiwafanye mababu wa popo. Koo zao zilikatika. Utando ukaja kuzuka upya, tena zaidi ya mara moja: kwa kindi wa Asia, kwa wanyama wa Australia wenye mfuko, na kwa wale wa misitu ya Afrika, Tanzania ikiwemo, wenye magamba chini ya mkia. Popo naye alikwenda njia yake, akawamba ngozi kwenye vidole na kupiga mabawa kabisa.

Kwa nini China? Kulikuwa na maziwa yaliyotulia na majivu laini ya volkano, tope likaufunika mwili kabla haujasambaratika. Na hapa ndipo nina neno na watu wa kanda yetu, kwa sababu ziwa la namna hiyo tulikuwa nalo. Liko Mahenge ya Singida (si ile ya Ulanga yenye vito), ndani ya shimo la volkano ya kimberliti, mwamba unaoweza kubeba almasi. Mwanajiolojia Mannard alizichunguza kimberliti za Singida enzi za Tanganyika, watu wakiwaza almasi. Kwenye tabaka za ziwa hilo, za miaka kama milioni 46, wamepatikana samaki, jamaa za perege, na popo mmoja. Mwaka 2003 akapewa jina Tanzanycteris mannardi. Ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono ni kubwa kwake, dalili kwamba alisikiliza mwangwi wa sauti yake akiwinda gizani. Yaani alikuwa popo kamili, fundi tayari.

Nimesoma hapa nchi hii tangu darasa la kwanza na sikuwahi kumsikia. Nilichosikia ni mjusi, yaani dinosaria, wa Tendaguru kule Lindi aliyepelekwa Berlin, kila mwaka mjusi, kana kwamba kisukuku kisichojaza ukumbi hakina thamani. Hata Tendaguru kwenyewe kuna vijino vichache vya mnyama aitwaye Allostaffia. Wapo wataalamu wanaomweka kwenye ukoo mmoja na Maiopatagium, wengine wanabisha. Aliteleza hewani? Meno yamenyamaza.

Watu huuliza nusu-popo yuko wapi, yule wa katikati, kama vile hakuwahi kuwepo. Mimi naona tunamtafuta kwenye miamba isiyotunza ngozi. Tope laini ndilo la kupasuliwa, karatasi kwa karatasi, kwa kisu na subira, na Singida tope hilo lipo. Basi za Dodoma kwenda Singida hujaa kila asubuhi. Tunakwenda kununua alizeti na kuku.

Popo wangu nilimzika uani chini ya mpapai, mabawa wazi. Udongo wa pale ni kichanga kitupu. Mvua moja tu, na siafu wetu, utando umekwisha.