Saa ya Kuku Imeandikwa Katika Mahitaji

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha hisa kilipelekewa mkufunzi. Sanduku lilikuwa limeshafungwa kwa kufuli zake tatu, na sisi wanawake kumi na tisa tulikuwa tumeketi juu ya mikeka katika ukumbi wa mwenyekiti wetu, Jang'ombe, hapa mjini Unguja, tukisubiri chai, ndipo alipoingia kijana mmoja nadhifu aliyetumwa kutufundisha nidhamu ya fedha. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akaigawa kwa mstari katikati, upande mmoja akaandika MAHITAJI na upande wa pili MATAKWA, kisha akataka kila mmoja wetu ataje kitu cha mwisho alichokinunua ili yeye akiweke panapostahiki.

Alianza na mama aliyeketi karibu na mlango, ambaye kila alfajiri huuza vitumbua kando ya njia na ambaye tangu kikundi kianze hajachelewesha hisa hata wiki moja. Mama yule akasema kwamba jana yake jioni alinunua kikuba, kile kishada cha asumini cha kunukia. Kijana akatabasamu kama tabibu aliyekwishauona ugonjwa, akaandika "maua" katika safu ya matakwa.

"Shilingi ngapi, mama yangu?"

"Elfu moja, mwanangu."

Hakumuuliza kama hukinunua kila siku. Akazidisha kwa siku za mwaka mzima, akapata 365,000, akaizungushia duara jekundu na kututangazia kwamba huo ni mtaji uliokauka pamoja na asumini. Mama wa vitumbua hakusema neno. Aliivuta kanga yake kichwani, akatazama mkeka, na mimi tangu saa ile nimekuwa na hasira ambayo haijapoa mpaka leo ninapoandika.

Zamu yangu ilipofika nilisema kweli, kwamba nimenunua saa. Kijana akafurahi. Alisema kwamba mtu asiyejua wakati hajui fedha, akaandika "saa" katika safu ya mahitaji kwa herufi za kupendeza. Hakuuliza ni saa ya namna gani, nami sikumwambia.

Sasa nawaambia ninyi. Saa yenyewe ni ile ya bati ya kutia ufunguo iliyotengenezwa China, yenye kuku wa rangi usoni mwake ambaye kila sekunde huinamisha kichwa na kudonoa punje zisizokwisha. Wenye umri wangu mnaijua. Niliikuta kwa muuza vyombo vya zamani nyuma ya Darajani, katikati ya pasi za mkaa na taa za chemni zisizo na vioo. Alitaka elfu arubaini, nikamlipa ishirini na nane, na angelikaza zaidi ningelitoa hamsini. Kati ya alfajiri na magharibi hubaki nyuma robo saa nzima. Kengele yake hulia inapotaka yenyewe. Nyumbani kwetu kuna simu nne, na adhana za misikiti miwili huingia dirishani kwangu, kwa hiyo hapana mtu aliyekuwa akikosa kujua wakati. Mume wangu alipoiona aliuliza, kwa upole wa mtu aliyeoa zamani, kama mtama wa kuku huyo nao tutanunua sisi.

Nilipokuwa mdogo Wete, nyumba ya jirani yetu ilikuwa na saa kama hii juu ya kabati la vyombo. Sisi watoto tuliruhusiwa kusimama chini yake na kutazama, lakini kugusa ilikuwa haramu, na mimi nilikuwa nikisimama pale hadi shingo inaniuma, nikingoja kuona kama kuku yule atashiba. Leo nina miaka arubaini na saba, ninasomesha darasa la nne, na kila baada ya isha ninaitia ufunguo mimi mwenyewe huku mtoto wa mlango wa pili akiwa amenishikilia goti. Kama hilo si la thamani ya shilingi elfu ishirini na nane, basi sijui fedha zinatafutwa kwa ajili gani.

Nirudi kwenye kikuba, kwa sababu ndicho kilichoniuma. Asumini aliyetungwa pamoja na mrehani na kipande cha mkadi hafiki asubuhi. Hauziki tena, hawekwi rehani, hamrithishi mtu. Mwanamke aliyesimama mbele ya karai la mafuta ya moto tangu saa kumi za alfajiri ananunua harufu ya usiku mmoja, kisha analala. Kijana anaona hasara ya elfu moja. Mimi ninaona mtu aliyekataa kunuka mafuta saa ishirini na nne. Halafu elfu ile haikutumbukia baharini. Imeingia mkononi mwa mama mwingine, mtunga maua, ambaye huenda naye yumo katika kikundi cha hisa cha mtaa mwingine, na huenda Jumamosi ile ile alikuwa ameketi juu ya mkeka akifundishwa kwamba anapoteza mtaji kwa kununua vitumbua ilhali uji angeweza kujipikia.

Kanga nayo iliangukia safu ya pili. Shoga yangu alitaja doti aliyoinunua Mchangani, na kijana akamuuliza anazo ngapi tayari. Shoga yangu akacheka, kwa kuwa hajui, na hapana anayejua zake. Lakini mimi sikucheka. Mtu anayekuja kufundisha mji huu namna ya kutumia fedha angelifaa kwanza ajue kanga imefikaje kwenye mabega yetu. Kabla ya 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuufuta utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, nguo ya mjakazi ilikuwa kaniki, ile buluu iliyoiva hadi kuwa nyeusi, au merikani iliyokwishafifia kwa kazi. Nguo hiyo ilimsitiri, ilimkinga na jua, ilidumu, na haikuonyesha uchafu. Ukiipima kwa safu mbili za kijana wetu, kaniki ni hitaji kamili lisilo na dosari. Na ndiyo nguo waliyoikimbia wanawake waliotoka utumwani mara tu walipoanza kushika pesa zao wenyewe. Walinunua kanga, ambazo wakati huo zilikuwa ni mtindo mpya, zenye rangi na nakshi zilizokuwa zikibadilika upesi kiasi kwamba ya juzi ilionekana imeshapitwa. Hapana aliyezihitaji kanga zile kwa maana ya karatasi ya ukutani, kwa sababu mwili ulikuwa umeshasitirika. Walichokuwa wakikilipia ni lile jambo la kusimama mbele ya duka, kunyoosha kidole na kusema: hii siitaki, nipe ile. Mtu aliyekuwa akinunuliwa sasa ananunua, tena ananunua kitu kizuri kuliko kinavyomlazimu, na atakivaa mchana, njiani, mbele ya waliokuwa wakimpa kaniki.

Kwa hiyo mtu anapoliita jambo hilo "matumizi yasiyo ya lazima", anasema kweli kabisa, na ndiyo maana yake. Ya lazima walikuwa nayo.

Ninalojaribu kusema ni kwamba hesabu hizi huwashukia watu wa aina moja tu. Sultani Barghash hakuwa amekosa pa kulala alipojenga Beit el Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, mwaka 1883. Alitaka jengo la sherehe, refu kuliko yote, la kuwaacha watu midomo wazi, na watu waliacha midomo wazi hata jina likaganda. Likaja kuwa jengo la kwanza hapa kuwashwa umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020 sote tuliumia, mimi nikiwamo, na hapana aliyesimama akauliza kama lifti ile ilikuwa hitaji au takwa. Anasa ya mkubwa ikikaa miaka mia huitwa urithi. Kikuba cha muuza vitumbua huzungushiwa duara jekundu siku ya pili yake. Nisisahau pia kwamba mkufunzi wetu alikuwa ameweka simu mbili mezani. Bila shaka moja ilikuwa ya mahitaji.

Wapo watakaoniletea dini, na nimeshaletewa. Wifi yangu alinikumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ametuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu. Ni kweli, na nimenyenyekea. Lakini aya hiyo, ya 31 katika sura ya Al-Aaraf, haianzii hapo. Inaanza kwa kuwaamrisha wanaadamu wachukue mapambo yao kila waendapo kusali, na inayofuata inauliza ni nani aliyeyaharamisha mapambo ambayo Mungu amewatolea waja wake. Sisi tumezoea kuishika aya kwa mkia.

Nitakubali mawili, wala sitayakubali kwa furaha. La kwanza ni deni. Mwaka juzi nilichukua mashine ya kukaangia bisi kwa mtu ninayefanya naye kazi, kwa makubaliano ya kumlipa kidogo kidogo kwa miezi sita. Ilikuwa nyekundu, na ilipokuwa ikifanya kazi bisi zilirukaruka ndani ya kioo kama mvua inayokwenda juu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake, kila nilipoitazama nilimwona mwenye kunidai, hata nikaifunika kitambaa, na mwezi wa nne nikaitoa kwa nusu ya bei. Kitu cha kufurahisha bei yake iishe siku ile ile, au kikae dukani.

La pili ni sare za harusi, na hapa kijana angelipata askari wa kumsaidia kama angelithubutu kuligusa jambo lenyewe. Kitambaa nimechaguliwa na mtu mwingine, rangi hainipendezi, bei imeshapangwa, na nisipotoa nitasemwa hadi mtoto wa bibi harusi atakapoanza skuli. Hilo halina uhusiano wowote na ninachokitetea. Hiyo ni kodi. Ajabu ni kwamba wale wale wanaoguna juu ya saa yangu ya kuku hutoa kodi hiyo mara nne kwa mwaka bila kukohoa, kisha huiita wajibu.

Watoto tunawaelewa vizuri zaidi kuliko tunavyojielewa wenyewe. Sikukuu ikifika tunawapa fedha mkononi na kuwaachia viwanja, nao hurudi magharibi na firimbi, miwani ya plastiki na baluni iliyokwishaanza kunywea, na hapana mzee anayewauliza mtaji uko wapi. Sijaelewa ni siku gani hasa mtu hufutiwa ruhusa hiyo.

Bibi yangu hakufutiwa, au alifutiwa akakataa. Alikuwa mtu wa shamba, Pemba, na msimu wa karafuu ulipokuwa mkubwa alikuwa akikaa jamvini na wenzake kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, mpaka vidole vikawa rangi ya kahawia na harufu haitoki hata kwa limau. Msimu mmoja alipolipwa alikwenda mjini kununua mabati mawili kwa ajili ya jiko lililokuwa likivuja. Alirudi na bati moja na birika la kauri, jeupe, lenye joka la buluu lililojizungusha hadi mdomoni, ili chai ionekane inatapikwa na joka. Ninasema ionekane kwa sababu chai haikutiwa humo hata siku moja. Birika lilikaa kidakani. Babu aliguna, mvua ikanyesha, jiko likavuja upande mmoja, na bibi akahamisha mafiga upande wa pili.

Alikuwa akilitoa Ijumaa kulifuta vumbi, na mimi nikipewa kulishika kwa mikono miwili nikiwa nimekaa chini, nisije nikaliangusha. Msidhani ulikuwa wazimu wake peke yake. Watu wa mwambao huu walizipachika bakuli za China hata kwenye makaburi yao, mahali ambapo mwenye kaburi hana tena haja ya bakuli, na vipande vya kauri ya aina hiyo vimefukuliwa katika magofu ya Pemba pia. Bibi alikuwa katika desturi yenye umri wa karne nyingi. Alichokosa ni mtu wa kuiandika.

Alipofariki, mikarafuu iligawiwa kwa sheria na hapana aliyenung'unika. Bati lilikuwa limeshaliwa na kutu. Lakini birika liligombaniwa siku tatu, baina ya watu wazima wenye wajukuu, na mwisho likaenda kwa shangazi yangu wa Chake ambaye alisema analiazima tu. Imefika miaka kumi na mmoja. Bado nalidai, na yeye anajua kwamba nalidai, kwa sababu nikienda kumsalimu hulifungia chumbani.

Mama wa vitumbua nilikutana naye juzi asubuhi nilipokwenda kununua. Nilimuuliza kama maneno ya kijana yamemkaa. Aligeuza vitumbua vyake kwanza, vyote, kisha akasema, "Mwanangu, yule bado mdogo," na akanitilia kimoja cha nyongeza ambacho kwa hesabu za karatasi ile hakikuwa na sababu yoyote.

Somo la pili limepangwa Jumamosi hii, saa nne za asubuhi kamili, na tumeonywa kwamba atakayechelewa atatozwa faini. Nimeamua kwenda kwa kuifuata saa yangu ya kuku, kwa kuwa imeshaandikwa katika mahitaji.