Apatimenti ya Upanga: LUKU ananunua nani?

Mwaka jana tulishuka Dar watu watano kutoka Iringa kumuuguza shemeji yangu aliyelazwa Muhimbili. Tulijipanga kwa wiki moja, tukakaa siku 19. Hoteli ya karibu ingetudai vyumba vitatu. Gesti tungeimudu, ila gesti hupiki uji, na mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo humpelekei chipsi. Dada akapata apatimenti ya vyumba viwili Upanga, jirani na hospitali, iliyotangazwa kuwa "yenye huduma": ina fanicha, jiko la gesi na binti wa usafi, inalipiwa kwa usiku. Tukahamia.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema nyumba hizi ni anasa ya wazungu na watu wa semina, namwelewa nusu tu. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Mifupa, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na ukisogea kuelekea baharini unakuta Ocean Road wanakotibu saratani. Mgonjwa wa mionzi anaweza kuhitajika hospitali kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Ndugu zake hawatafuti kitanda tu, wanatafuta sufuria, friji na kamba ya kuanikia nguo, tena mahali ambapo saa ya kuona wagonjwa ikikaribia wanatoka kwa miguu na chupa ya chai mkononi, bila kukwama kwenye foleni.

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya usiku mmoja. Ukija peke yako kwa siku mbili, labda kufuata mzigo Kariakoo, lala gesti, hilo halina mjadala. Hesabu hugeuka mnapokuwa wengi na siku zinaposogea, kwa sababu hapo mnalipia nyumba, si vichwa, na chakula cha watu watano mnakipika wenyewe.

Hata hivyo neno "huduma" kwenye matangazo haya ni pana kama kanzu ya kuazima. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Jengo zima lilikuwa na taa, sisi tu gizani. Tukampigia mhusika, akajibu kwa upole kabisa kwamba LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ya mgeni. Hakuna aliyetuambia hilo wakati wa kulipa, na sisi hatukuuliza. Kiyoyozi cha chumba cha kawaida hula kama uniti moja kwa saa. Kikiwaka kwa muda wa saa nane kila usiku, kwa shilingi 356 kwa uniti, ni karibu shilingi 2,850. Viwili kwa siku 19 vinapita laki moja. Si pesa ya kumfilisi mtu, lakini ni pesa ambayo haikuwa kwenye tangazo. Uliza pia jenereta inabeba nini: mara nyingi ni lifti na taa za ngazi tu. Na ukitajiwa bei kwa dola, kumbuka kwamba kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza na kudai malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Lipa shilingi.

Upande wa pili niliusikia ngazini, lifti ilipogoma, kutoka kwa mama mmoja mkazi wa ghorofa ya tatu. "Nyie sina ugomvi nanyi, mwanangu," alisema. "Ila wiki iliyopita walikuwepo wengine, wiki ijayo watakuja wengine. Mlinzi atamjua nani?" Akaongeza la maji: tangi ni la jengo zima, na wageni huoga kama wako hotelini. (Tulikuwa tukifua mashuka ya mgonjwa kila siku. Nilinyamaza.)

Mama yule ana hoja kuliko wanaolalamika kwamba nyumba hizi zinapandisha kodi ya pango. Ni kweli mwenye fleti akiona usiku unalipa, hatamtaka tena mpangaji wa miezi sita, na nesi aliyekuwa akitembea kwenda kazini ataipata nyumba huko mbali Mbagala. Lakini Upanga ilishakuwa ghali kabla ya biashara hii, na kuwafukuza wageni hakutamrudisha nesi. Maji na mlinzi ni jambo jingine, na dawa yake ipo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye fleti chama chao na kanuni zao. Anayepokea wageni wa kila wiki achangie zaidi kwenye tangi na lifti, na majina ya wageni yafike kwa mlinzi kabla ya mabegi. Gharama hiyo itaongezwa kwenye bei, najua, na sisi tungeilipa.

Siku tunaondoka mita ilikuwa na uniti 14. Aliyekuja kuchukua funguo alihesabu vijiko, akahesabu taulo, akatutakia safari njema. Za LUKU hakuzitaja.