Karanga za Ukurasa wa 112

Wiki hii nimekula karanga mpaka tumbo limeanza kunidai, na mimi karanga sizipendi. Sijawahi kuzipenda. Zinaganda kwenye meno, zinaniamsha usiku kutafuta maji, na maji ya bomba yetu kule Katuba huja siku yakijisikia. Lakini nimezila, asubuhi, mchana na jioni, franka 500 juu ya franka 500.

Kosa si langu. Kosa ni la yule mama wa karanga pale karibu na posta, hapa Lubumbashi, hatua kumi kutoka meza yangu ya kubadilisha pesa. Zamani alikuwa anafungia karanga kwenye magazeti. Ulikula, ukasoma nusu ya ahadi ya waziri fulani, ukatupa, maisha yakaendelea. Sasa sijui nani kamuuzia sanduku la vitabu vya Kifaransa. Jumatatu nikanunua karanga kwa sababu ya njaa tu, nikamaliza, nikakunjua karatasi nijipangusie chumvi, nikaona ukurasa wa 112.

Msichana amesimama mvuani mbele ya duka lake la keki. Nywele zimemlowa. Gari linasimama, anashuka bwana mmoja mrefu, hana mwavuli, anamsogelea, anafungua mdomo amwambie jambo ambalo alipaswa kumwambia tangu mwaka jana.

Ukurasa ukaishia hapo.

Nikageuza. Upande wa pili ni 111, ambako mvua ilikuwa hata haijaanza.

Nikamfuata mama wa karanga. "Mama, karatasi inayofuata hii iko wapi?"

"Karatasi gani, papa?"

"Ya 113."

Akanitazama kama mtu aliyemletea dola yenye tundu. "Mi nauzisha karanga, papa. Mambo ya namba iko ku benki."

Nikanunua nyingine. Ikawa ukurasa wa 31. Nikanunua ya tatu: 145. Kwa hiyo hadi Jumatatu jioni nilikuwa najua kwamba wawili hao walionana mara ya kwanza kwa kumwagiana kahawa, na kwamba huko mbele watagombana kwa sababu ya barua, lakini alichosema yule bwana kwenye mvua, sijui. Wewe unaweza kulala hivyo? Mimi sikulala.

Lazima mnielewe kazi yangu. Mimi nakaa chini ya mti wa jakaranda na mwavuli mkubwa, mbele yangu mafungu ya franka yamefungwa mipira, kazi yangu ni kutoamini. Mtu akileta dola, naivuta, naikwaruza kola ya yule mzee wa kwenye picha, naiinua juani. Ikiwa na tundu la sindano, siitaki. Ikichanika kona kidogo tu, ukubwa wa ukucha wa mtoto, siitaki. Ni ile ya zamani yenye kichwa kidogo? Rudi nayo. Huko Marekani kwenyewe inanunua mkate bila maneno, lakini hapa kwetu dola lazima iwe bikira. Kuna noti ya dola 5 nimekaa nayo miezi minne kwa sababu siku moja nilisinzia nikaipokea na mchaniko. Nimejaribu kuipitisha sokoni, dukani, hata kwenye kapu la sadaka. Shemasi aliiona.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeanza kumlilia msichana wa keki.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama watoto, nikidhani nimevumbua kitu. Yeye ameuza samaki wa barafu sokoni tangu alfajiri, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Akacheka mpaka maji yakamwagika.

"Papa, njo leo unajua? Hizo ni Harlequin. Mi nilizisoma zote ku internati."

Kumbe nimeishi na mtaalamu miaka kumi na tisa. Akanieleza kwamba huko internati, shule ya bweni ya masista, walikuwa wanazisoma ndani ya kitabu cha nyimbo, na msichana mwenye kitabu kipya alikuwa anaheshimiwa kuliko mwenye sabuni. Siku moja sista akamnyang'anya. Akamhubiria kuhusu roho yake. Baada ya siku tatu akamrudishia, na picha ya Bikira Maria, ambayo sista anatumia kama alama ya kusomea, imesahaulika kwenye ukurasa wa mwisho.

Akaendelea, maana ukimgusa kwenye jambo hilo hasimami. Kampuni hiyo ya Harlequin, wachapaji wa hadithi za mapenzi, ilianza Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, na mwanzoni ilikuwa inachapa chochote tu, hata vitabu vya wapelelezi na vya mapishi. Mwenye mali alikuwa bwana mmoja, Richard Bonnycastle. Lakini aliyejua kipi kitauzwa ni mkewe, Mary, ambaye alikuwa anapenda hadithi za madaktari na manesi zilizotoka kwa Mills & Boon wa London, watu walioanza tangu 1908. Kuanzia 1957 wakawa wanazichapa tena huko Kanada, moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 1971 wakainunua kampuni yote ya London.

"Umesikia?" akasema mke wangu. "Bwana alikuwa na kiwanda. Mke njo alikuwa na akili."

Mimi nilisikia kitu kingine: kumbe hata wao walianza kwa kununua kidogo kidogo, kama mimi na karanga. Nikajisikia nafuu.

"Sasa niambie," nikamwomba, "yule bwana alisema nini kwenye mvua?"

"Siyajui maneno yake. Lakini wataoana."

"Umejuaje na hicho kitabu hujakisoma?"

"Papa, wote wanaoanaka. Njo sheria yao. Mapenzi iwe katikati, na mwisho iwe muzuri. Mwandishi akiua mmoja, hiyo si ya kwetu tena, ni ya watu wa vyuo."

Hapo nikakasirika kweli. Kitabu ambacho mwisho wake unajulikana kabla ya kukifungua! Ni kama mtu alipe kiingilio cha mpira na matokeo anayo mfukoni. Nikamwambia huo ni upuuzi. Nikamwambia mtu mzima hawezi kupoteza mafuta ya macho yake kwa ajili hiyo. Jumanne saa moja asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa mama wa karanga.

Hadi Jumatano nilikuwa na kurasa 19 za mbele na nyuma, nimezipanga chini ya franka za mia tano mia tano, na jiwe juu yake upepo usichukue. Na wenzangu wa meza za jirani wakagundua, kwa kuwa maua ya jakaranda mwezi huu wa kumi yanaanguka kila mahali, na mimi nilikuwa nayapangusa kwenye karatasi kuliko kwenye pesa. Ikabidi niwasomee. Nikasoma kwa Kifaransa, nikatafsiri, na wateja wawili wakasimama kusikiliza na dola zao mkononi.

Balaa ikaanzia hapo. Ninyi hamjawahi kuona wabadilisha pesa saba wakijadili mapenzi.

Mzee wetu wa meza ya kona, ambaye hajawahi kumkopesha mtu hata mpira wa kufungia noti, akauliza jambo la kwanza: "Mahari je?"

Nikatafuta kurasa zote 19. Hakuna. Bwana anataka kumchukua binti wa watu na hakuna mjomba hata mmoja aliyekohoa. Hakuna mbuzi, hakuna suti ya baba, hakuna vitenge vya mama, hakuna bahasha ya kufungulia mdomo, wala ile bahasha nyingine ya kufungulia bahasha. Kwetu huyo bwana mrefu angekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa nne, wazee wanamwambia binti ameenda kusalimia Likasi, lete hela ya mafuta tukamfuate.

Mwingine akauliza biashara. Nikapiga hesabu kwenye mashine yangu. Katika kurasa 19 yule msichana ameuza kahawa tatu na keki moja, na hiyo keki amempa mzee wa jirani bure kwa sababu ni siku yake ya kuzaliwa. Na bado ana pango mjini, ana koti jekundu, ana mbwa anayekula vizuri kuliko mimi! Nani anamkopesha? Mbona hatumwoni mwenye nyumba anagonga mlango? Mwenye nyumba wangu angeingia kitabu hicho ukurasa wa 4, na mapenzi yangeishia pale.

Na mambo ya mvua, jamani. Ukurasa wa 58 wanazuiwa na mvua kwenye kijumba chenye kitanda kimoja, wanatazamana mpaka asubuhi. Sisi Alhamisi mvua ya kwanza ilitukuta pale pale kazini. Tulijibana watu kumi na mmoja chini ya bati la kibanda cha kuchaji simu, na mbuzi. Sikuona aliyependana na mtu. Mbuzi alikula franka zangu 1,000.

Na bwana mwenyewe, kila akipita kuna harufu ya mbao na bahari. Nikamuuliza mama watoto mimi nanukaje. Hakufikiri hata kidogo. "Unanuka mafaranga." Na ni kweli, noti zetu zimepita kwa muuza samaki, kwa fundi gari, kwa mama wa mafuta ya mawese, halafu zinakuja kulala kwenye shati langu.

Usiku wa Alhamisi umeme ulikuwa umekatika tena. Nikamuuliza taratibu, bila ubishi: kama unajua wataoana, unasoma nini? Alikuwa anachambua mchele kwa tochi ya simu. Akakaa kimya mpaka akatoa jiwe.

"Siku nzima nasikia bei," akasema. "Asubuhi dola iko hivi, mchana iko vile. Mteja anachukua samaki wa kulipa mwezi ukiisha, na mwezi hauishi. Sijui nitapanda basi gani, sijui kama kuran ya umeme itarudi, samaki wataoza ama hawataoza. Usiku nataka mtu mwenye shida moja tu, kwamba barua ameisoma vibaya. Na nijue itaisha."

Sikumjibu. Mimi ndiye mtu anayebandika kiwango cha dola asubuhi kwenye kipande cha kadibodi na kukifuta saa sita.

Akaongeza kwamba zipo na za kwetu Waafrika, zinaitwa Adoras, zilianza Abidjan mwaka 1998. Humo watu wanakula ndizi za kukaanga, mashangazi wamejaa nyumbani na kila mtu ana la kusema. Nikamuuliza kama humo wajomba wanakohoa. Akasema wanakohoa sana, lakini mwisho wanaoana.

Ijumaa nikaamka kwa haraka. Nilikuwa nimebakiza vitu viwili tu duniani: ukurasa wa 113 na ukurasa wa mwisho. Nikafika, nikakuta mama wa karanga anapepea sinia tupu.

"Zimeisha, papa. Mzee wako wa kona amebeba zote. Alikuja na giza bado."

Nikageuka. Mzee amekaa kwenye meza yake ametulia kama benki kuu. Karanga zote zimo kwenye ndoo, hajagusa hata moja. Karatasi ziko mfuko wa shati.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kumbe na wewe?"

"Mimi nilitaka kujua kama kuna mahari."

"Ipo?"

"Hapana." Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Hata kwenye ukurasa wa mwisho hapana."

"Basi nipe nisome."

"Dola 5."

Tukabishana nusu saa. Wateja walipita, hatukuwaona. Mwishowe nikaingiza mkono chini kabisa, nikatoa ile noti yangu ya miezi minne. Akaivuta. Akaikwaruza. Akaiinua juani, na mwanga ukapita kwenye mchaniko, kidogo tu, kama ukucha wa mtoto.

"Imechanika," akasema.

Nikamwambia anionyeshe karatasi zake. Akazitoa. 113 ilikuwa na mafuta katikati. Ya mwisho, kona ya chini haipo kabisa.

"Na hizi je?"

Tukatazamana muda mrefu. Akaitia noti mfukoni.

Kwenye 113 yule bwana anasema: "Nimesahau mwavuli." Maneno yote hayo, kilo mbili za karanga! Lakini nikikumbuka namna alivyolisema, na jinsi msichana alivyocheka, mnh.

Usiku nikamwekea mama watoto ukurasa wa mwisho mezani. Hakuupokea. Akawasha tochi ya simu, akanimulikia. "Soma."

"Si unajua mwisho?"

"Soma, papa. Na sauti isiwe ya kuhesabu pesa."

Nikasoma. Wanaoana, nadhani, maana kona imetoka pale ambapo msichana anaanza kujibu. Mke wangu akasema herufi iliyobaki ni "o", na kwa Kifaransa hilo ni "oui". Nikamwambia hata "oublie" inaanza na "o". Tumenuniana mpaka saa tano.

Jumamosi nimepita kwa mama wa karanga mapema kuliko mzee. Sinia limejaa, mbegu zinang'aa chumvi, vifuko vimepangwa kama askari. Nikanunua kimoja, nikakikunjua pale pale nimesimama.

"Mama, hiki kitabu kipya ni cha nini?"

"Ni hesabu ya darasa la sita, papa. Lakini karanga iko tamu."

Ukurasa wa 40. Matreni mawili yanatoka vituo tofauti saa mbili asubuhi, yanakuja kukutana. Swali linaendelea ukurasa wa 41.

"Nipe nyingine," nikamwambia.