Nyota moja imekiri, lakini kesi haijafungwa

Machi 2015, jikoni kwenye kituo cha darubini ya redio cha Parkes, Australia, watafiti waliweka kikombe cha maji ndani ya maikrowevu, wakaiwasha, kisha wakafungua mlango kabla haijamaliza muda wake, kama afanyavyo mtu mwenye njaa asiyeweza kusubiri kengele. Kule nje, dishi lenye upana wa mita 64 likanasa ishara. Wakarudia, likanasa tena. Hivyo ndivyo lilivyoteguka fumbo lililokuwa limewasumbua wanaastronomia kwa miaka kadhaa: milio mifupi ya redio iliyofanana kwa karibu sana na ile inayotoka galaksi za mbali, lakini yenye tabia ya kutokea siku za kazi, saa za kazi, hasa mchana watu wanapopasha chakula. Emily Petroff na wenzake ndio waliomkamata mhalifu. Galaksi, kwa kawaida, haijui saa ya chakula cha mchana.

Nimeanza na kikombe hicho kwa makusudi, maana kesi yetu ni ya ile milio ya galaksi za mbali: nani anayeitoa? Yeyote anayedai amesikia sauti kutoka mwisho wa ulimwengu sharti ajibu kwanza swali la aibu: una hakika gani kwamba haikutoka jikoni kwako?

Swali hilo lilimwandama mwanaastronomia Duncan Lorimer kwa miaka. Mwaka 2007, yeye na mwanafunzi wake David Narkevic walikuwa wakipekua kumbukumbu za zamani za darubini hiyohiyo ya Parkes, wakakuta mlio wa mwaka 2001 uliodumu chini ya sehemu tano za elfu za sekunde. Ulikuwa mkali ajabu, na ulikuja mara moja tu. Leo milio ya namna hiyo inaitwa mipasuko ya haraka ya redio, au FRB kwa kifupi, na inakadiriwa kwamba mamia kama si maelfu hutufikia kila siku kutoka pande zote za anga. Wakati ule ulikuwa mmoja, na shahidi mmoja huwa hatoshi.

Hoja ya Lorimer ilisimama juu ya ucheleweshaji. Mawimbi ya redio yanaposafiri angani hayapiti patupu kabisa. Hukutana na elektroni chache zilizotawanyika, nazo huyachelewesha mawimbi ya masafa ya chini, yaani yanayotetema polepole, kuliko ya masafa ya juu, yanayotetema haraka. Chukua malori na magari madogo yaliyoondoka Kimara pamoja alfajiri. Aliyeketi Chalinze atayaona yakipita karibu karibu. Aliyeketi Mafinga, mbali zaidi, atahesabu masaa kati ya gari dogo la kwanza na lori la mwisho. Ukipima pengo, unakadiria msafara umetoka mbali kiasi gani bila kumwuliza dereva yeyote. Pengo la mpasuko wa Lorimer lilizidi mara kadhaa lile ambalo elektroni zote za galaksi yetu upande ule zingeweza kuleta. Kwa hiyo, alisema, ulitoka nje ya galaksi yetu, mbali sana.

Waliompinga hawakuwa wakaidi. Ile milio ya maikrowevu, ambayo wakati ule haikujulikana bado kuwa ya jikoni, nayo ilikuwa na pengo kama hilo, karibu kiasi kilekile. Kama kitu cha hapa duniani kinaweza kuiga umbali, kwa nini tuamini umbali? Jibu lilikuja polepole. Kipokezi cha Parkes kilitazama anga kwa macho 13 kwa wakati mmoja. Mlio wa jikoni uliingia katika macho yote, kwa kuwa ulitoka chini na pembeni. Mpasuko wa kweli kwa kawaida huingia katika jicho moja, lile lililoelekezwa kwake. Mwaka 2013 ilipotangazwa mipasuko mingine minne, hoja yao ilianza kulegea, na tangu hapo imezidi kulegea.

Kilichobaki kilikuwa anwani. Darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ilinasa mpasuko mmoja Novemba 2012, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba chanzo kilekile kimelia tena na tena. Hiyo ilikuwa bahati kubwa, maana anayerudia unaweza kumvizia. Januari 2017 watafiti waliotumia darubini ya VLA ya New Mexico, Marekani, walitangaza wamekipata: kipo katika galaksi ndogo, hafifu, karibu miaka ya nuru bilioni 3 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Ubishi wa karibu au mbali ukaishia hapo.

Ila yule wa Mafinga naye awe mwangalifu. Lori lililochelewa si lazima limetoka mbali. Huenda lilikwama njiani, kwenye mlima Kitonga. Mpasuko ulioandikishwa kama FRB 20190520B ulikuwa na pengo ambalo kwa hesabu ya kawaida lingeuweka umbali wa miaka ya nuru bilioni 8 au 9. Galaksi yake ilipopatikana, ilikuwa umbali wa karibu bilioni 3 tu. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokea hukohuko unakotoka, katika wingu zito la elektroni linalokizunguka chanzo. Basi pengo peke yake ni ushahidi wa kimazingira. Anwani ndiyo ushahidi.

Sasa tuje kwa mshukiwa mkuu. Anaitwa magneta: nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, chenye upana wa kilomita 20 hivi, uzito unaozidi wa Jua, na usumaku unaozidi wa Dunia kwa matrilioni ya mara. Kwa miaka mingi alishukiwa kwa tabia tu, kwamba ana nguvu za kutosha na hasira za ghafla. Tarehe 28 Aprili 2020 akakamatwa na kidhibiti mkononi. Magneta SGR 1935+2154, iliyomo humuhumu katika galaksi yetu, umbali wa takribani miaka ya nuru 30,000, ilitoa mpasuko wa redio ulionaswa na darubini ya CHIME ya Kanada, na wakati huohuo satelaiti zikanasa mlipuko wa eksirei kutoka palepale.

Mpasuko huo ulinaswa pia na STARE2, antena chache ndogo huko California na Utah, ambazo sehemu zake zilitengenezwa kwa sufuria za kuokea keki. Siwezi kuacha kulitaja hilo. Jiko lililowapotosha wanaastronomia miaka ya Parkes ndilo lililowapa ushahidi bora kuliko wowote walio nao.

Wanaosema kesi imekwisha wanayo mengi ya kusema. Magneta hutoa mipasuko, tumemwona. Vyanzo vingi vya mbali vimepatikana katika galaksi zinazozaa nyota, mahali ambapo magneta hutarajiwa. Tena Januari 2025 ulichapishwa uchunguzi wa FRB 20221022A, uliotoka umbali wa miaka ya nuru milioni 200 hivi. Kwa kutazama jinsi mawimbi yake yalivyometameta njiani, kama nyota inavyometameta ikipita katika hewa yetu, Kenzie Nimmo na wenzake walikokotoa kwamba mlio ulizaliwa ndani ya kilomita 10,000 kutoka kwenye nyota ya nyutroni. Ni kama kupima, ukiwa hapa Duniani, unene wa uzi wa DNA ulio juu ya Mwezi. Nadharia shindani, kwamba mlio hutokana na wimbi la mshtuko lililokwenda mbali na nyota ndipo likapasuka, ilipata pigo hapo, walau kwa mpasuko ule.

Upande wa pili nao una karata nzuri. Kwanza, magneta huyohuyo wa 2020 ana tabia isiyoeleweka. Darubini ya FAST ya China ilikuwa ikimtazama alipotoa milipuko 29 ya eksirei, na haikusikia chochote cha redio. Basi mlipuko hauleti mlio kila mara, na hatujui ni sharti gani linalotimia siku unapoleta. Pili, mlio wake ulikuwa dhaifu kwa makumi ya mara kuliko mdogo kabisa uliokuwa umewahi kupimwa kutoka galaksi nyingine. Ukiuweka karibu na FRB 20220610A, ulioanza safari miaka bilioni 8 iliyopita na kutoa kwa chini ya sehemu ya elfu ya sekunde nishati ambayo Jua hutoa kwa miaka 30, utajiuliza kama ni ukoo mmoja kweli, au ni kumlinganisha paka na chui kwa sababu wote wana makucha.

Karata kubwa zaidi ni ya makazi. FRB 20200120E upo jirani, umbali wa miaka ya nuru milioni 12, katika galaksi ya M81. Darubini za Ulaya zilipouvizia zikaukuta ndani ya fundo la nyota vikongwe. Nyota kubwa inayozaa magneta huishi miaka milioni chache tu kisha hulipuka, na katika fundo kama lile nyota za namna hiyo ziliisha mabilioni ya miaka iliyopita. Ni sawa na kusikia kilio cha kichanga katika nyumba ya wazee. Mwaka 2025 ukaja mfano wa pili, FRB 20240209A, uliofuatiliwa hadi ukingoni mwa galaksi iliyokoma zamani kuzaa nyota, yenye umri wa miaka zaidi ya bilioni 11.

Watetezi wa magneta wanajibu kwamba kichanga kinaweza kuzaliwa kwa njia nyingine: nyota kibete nyeupe, yaani mabaki ya nyota ya wastani kama Jua, ikinyonya jirani yake hadi ikaporomoka, au nyota mbili zilizokufa zikigongana na kuungana. Jibu zuri, na halipingani na fizikia tunayoijua. Linanitia wasiwasi kidogo tu kwa jinsi linavyopatikana kwa urahisi kila nadharia inapobanwa.

Kuna ubishi mwingine ndani ya huu. Orodha ya kwanza ya CHIME, iliyotoka 2021, ilikuwa na mipasuko 536, lakini vyanzo vilivyojulikana kurudia vilikuwa 18 tu. Vinavyorudia huwa na milio mirefu kidogo, yenye masafa finyu zaidi. Je, ni kabila mbili? Wengine wanasema ndiyo: moja ni la viumbe wanaopiga kelele wakiishi, jingine ni la wale wanaolia mara moja wakifa. Hapa naegemea upande wa wanaokataa, kwa sababu ya hesabu. Mipasuko ni mingi mno kuliko vifo vya nyota tunavyovijua vinavyoweza kuitoa. Kwa hiyo wengi wanaoonekana kimya pengine wanarudia, ila sisi hatukai barazani muda wa kutosha kuwasikia.

Na wale wanaosema ni viumbe wenye akili? Dhana hiyo ni ya zamani kuliko FRB zenyewe. Jocelyn Bell alipokuta mapigo ya kila sekunde 1.337 mwaka 1967 huko Cambridge, chanzo kilipachikwa kwa mzaha jina la watu wadogo wa kijani. Kikaja kuwa nyota ya nyutroni inayozunguka. Ishara ya 2019 iliyodhaniwa inatoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, ilichunguzwa ikaonekana ni vurugu za mitambo yetu wenyewe. Kuhusu FRB, zinatoka maelfu ya galaksi zilizotengana kwa mabilioni ya miaka ya nuru. Kuzipanga zote zilie namna moja kungehitaji serikali kubwa mno.

Msimamo wangu ni kwamba watu wanabishana juu ya maswali mawili wakidhani ni moja. Nani anayetoa mlio? Hapo ningeweka dau langu kwa nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali, bila kusita sana. Amezaliwaje, na kwa nini wengine wana mzunguko, kama FRB 180916 inayochangamka kila baada ya siku 16.35? Hapo kukiri kwa nyota moja ya jirani hakutusaidii, na vichwa vya habari vilivyoandika 2020 kwamba fumbo limeteguliwa viliharakisha. Kitakachoamua ni anwani nyingi zaidi, zilizo sahihi zaidi. CHIME sasa ina darubini ndogo za kuisaidia zilizotawanywa mbali Amerika Kaskazini, na Machi 2025 zilibana mpasuko mmoja mkali, katika galaksi NGC 4141 iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 130, hadi eneo la upana wa miaka ya nuru 45 hivi. Haukuonekana kurudia. Ulikuwa ukingoni mwa eneo linalozaa nyota, si ndani yake wala mbali nalo, na kila upande unaweza kudai ushahidi huo ni wake.

Wakati huohuo lile swali la jikoni bado halijaondoka. Tarehe 13 Juni 2024, darubini ya ASKAP, Australia Magharibi, ikisaka mipasuko, ilinasa mlio mkali uliodumu chini ya sehemu 30 za bilioni za sekunde. Kwa muda ulishinda kila kitu angani. Picha yake ikatoka na ukungu, kama kidole kilichowekwa karibu mno na kamera, na hapo ndipo timu ya Clancy James ilipogutuka: chanzo kilikuwa umbali wa kilomita 4,500 hivi. Ilikuwa Relay 2, satelaiti ya mawasiliano ya NASA iliyorushwa mwaka 1964 na kunyamaza tangu 1967. Labda umeme tuli uliojikusanya juu ya mwili wake uliruka ghafla, labda iligongwa na kijiwe cha angani.