Mtihani sawa, ila residensi tena kwa daktari aliyekuwa bingwa?

Daktari Mbongo akihamia Marekani watu nyumbani washahesabu katoka kimaisha, kumbe akifika huku leseni yake ya Tanzania haimruhusu hata kushona kidonda.

Mtihani mi sina shida nao. USMLE, ule mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, wafanye, mgonjwa ana haki ya kujua anayemtibu anajua anachofanya. Kinachonikera ni residensi, yale mafunzo ya hospitalini baada ya chuo. Umefaulu Step 1 na Step 2 za huo mtihani, vyeti vimethibitishwa toka chuo chenu, na bado majimbo mengi wanakuambia ukarudie mafunzo, upasuaji ni miaka 5, hata kama kwenu ulikuwa bingwa unafundisha wenzio. Na nafasi zenyewe za kugombania kila Machi, halafu programu nyingi zinachuja kwa mwaka uliomaliza chuo, ukipitisha miaka mitano hivi maombi yako hata hayafunguliwi, yaani uzoefu ndo unakuharibia!

Kuna mama mmoja wa Kikongo tunapiga naye shifti za usiku kuosha wazee, kwao alikuwa daktari wa akina mama. Juzi bibi mmoja mdomo ukaenda upande, maneno hayaeleweki, mama akajua hapo hapo ni kiharusi. Akakimbia kumwita nesi, maana sisi waosha wazee haturuhusiwi kutaja ugonjwa, na kwenye ripoti akaandika "bibi hayuko kama kawaida yake" basi. Neno kiharusi si lake kuliandika.

Uingereza angalau ukipita PLAB zote mbili, mitihani yao ya madaktari waliosomea nje (ya pili ni Manchester tu, kwahiyo jipange na nauli na viza) GMC, baraza lao la madaktari, wanaweza kukusajili ukaanza kuomba kazi bila kurudia mafunzo yote, japo kazi zenyewe siku hizi vita.

Marekani nako wameanza kushtuka, madaktari hawatoshi hasa vijijini. Jimbo la Tennessee walipitisha sheria 2023, leseni ya muda, unafanya kazi chini ya usimamizi, na mi naona hivyo ndo ilitakiwa tangu zamani, mpe kazi umwangalie. Florida nao wakapitisha yao 2024, nikafurahi mpaka niliposoma masharti: uwe umefanya udaktari miaka 4 mfululizo kabla ya kuomba. Sasa mtu mliyemzuia kutibu nyie wenyewe, akaishia kuosha wazee ili alipe kodi, hiyo miaka 4 aitoe wapi?