Familia ya mvinyo inapotoka kwao: inunue ardhi, au ianze na zabibu za wengine?

Familia nyingi zenye mizabibu katika maeneo yenye jina zinatafuta mashamba kwingine. Joto limepanda, zabibu zinaiva mapema zikiwa na sukari nyingi na tindikali kidogo, na hekta ya nyumbani, hata ikipatikana, bei yake haishikiki. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna kizuizi kingine: tangu 2016, upanzi mpya katika kila nchi mwanachama haupaswi kuzidi asilimia 1 ya eneo lake la mizabibu kwa mwaka. Kutoka kuna maana. Kinachostahili kubishaniwa ni nini kitangulie, na msimamo wetu ni kwamba ardhi ije mwisho, ingawa wanaotaka kuanza nayo wana hoja zisizopuuzwa.

Hoja yao kubwa ni muda. Taittinger, kampuni ya familia ya mvinyo wa povu katika eneo la Champagne, Ufaransa, ilitangaza mwaka 2015 kwamba imenunua ardhi Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mahali palipokuwa na mitufaa. Miche ya kwanza ilipandwa 2017, na mvinyo wa kwanza wa shamba hilo, Domaine Evremond, ukaingia sokoni 2025. Ni takriban miaka kumi kati ya hati ya ardhi na chupa. Mzabibu hutoa mavuno madogo mwaka wa tatu, huzaa sawasawa kuanzia wa tano hivi, na mvinyo wa povu unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa hulala juu ya machicha ya hamira miaka mingine. Anayesubiri miaka mitatu ya majaribio kabla ya kupanda anaisogeza chupa ya kwanza mbele miaka mitatu, na katika familia jambo hilo huweza kumaanisha kwamba aliyeanzisha mradi hataukamilisha yeye. Zaidi ya hayo, jina kubwa likionekana linazungukazunguka bondeni, bei ya ardhi hupanda hata kabla halijasaini chochote.

Hesabu ya fedha, hata hivyo, inavuta upande mwingine. Chukua hekta 10 zenye mistari ya mita 2.5 na nafasi ya mita 1 kati ya miche: ni miche 40,000 iliyobebeshwa (tawi la zabibu juu ya shina la chini la mzabibu mwingine), ambayo kitalu hutaka iagizwe mwaka mmoja au zaidi kabla. Shamba likifikia tani 6 kwa hekta, unapata tani 60. Kwa kipimo cha Champagne cha lita 2,550 kutoka kilo 4,000 za zabibu, hizo ni kama chupa 51,000 kwa mwaka. Ukizilaza miaka mitatu, ghala linabeba zaidi ya chupa 150,000 zilizokwisha gharimiwa na ambazo hazijaingiza kitu. Mvinyo wa kawaida usio na povu hupunguza mzigo huu sana, lakini maeneo ya baridi mara nyingi huvutia familia kwa ajili ya povu hasa, kwa kuwa zabibu zake hubaki na tindikali.

Na katika eneo lisilojulikana, makosa ya miaka miwili ya kwanza yanakaa ardhini miaka thelathini. Jalidi, yaani baridi inayogandisha, ndiyo inayoumiza wengi. Machipukizi mabichi huanza kufa joto likishuka hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na usiku usio na upepo wala mawingu hewa baridi huteremka mteremkoni na kutuama chini. Ua mnene wa miti upande wa chini wa shamba huizuia kama bwawa. Kukata pengo ndani yake huokoa mistari kadhaa kwa gharama ndogo. Kunyunyizia maji hadi barafu ifunike machipukizi hufaa, ila hudai mita za ujazo 30 hadi 40 kwa hekta kila saa, bila kukatika hadi barafu ianze kuyeyuka. Kwa hekta 10 na saa kumi za usiku, hizo ni mita za ujazo 3,000 hadi 4,000. Maji yakiisha saa kumi alfajiri, uvukizi huipoza mimea kuliko kama usingenyunyizia kabisa. Mwenye kuuza shamba mwezi wa nane hana sababu ya kukueleza haya.

Udongo nao una lake. Champagne na Kent kuna chaki, na chokaa nyingi huzuia mzabibu kuchukua madini ya chuma: majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kisha mmea unadumaa. Shina la chini la aina ya 3309C huvumilia chokaa hai, ile laini inayoathiri mizizi kwa urahisi, hadi kama asilimia 11, ilhali aina ya 41B hufika karibu 40. Huwezi kubadilisha shina baada ya kupanda, unang'oa. Kwa hiyo chimba mashimo ya mita moja na nusu, angalau mawili kwa hekta, upime chokaa kwa kila tabaka. Kipimo cha juu peke yake hudanganya, maana jembe limechanganya udongo huo kwa miaka.

Familia Drouhin ya Beaune, Ufaransa, inaonyesha mpangilio wa kati. Robert Drouhin alinunua ardhi Dundee Hills, Oregon, Marekani, mwaka 1987, lakini mvinyo wa kwanza wa 1988, uliotengenezwa na bintiye Véronique, ulitoka kwa zabibu zilizonunuliwa kwa wakulima wa huko. Walijifunza tabia ya Pinot Noir, zabibu yenye ganda jeusi, ya Oregon kwenye tangi wakati miche yao ikiwa bado midogo. Tungeenda mbele kidogo: tungenunua zabibu misimu miwili au mitatu kabla ya kununua ardhi.

Tani nne hadi nane zinatosha, kutoka miteremko mitatu tofauti, kila mmoja ukichachushwa peke yake. Mkulima alipwe kwa hekta, siyo kwa tani. Anayelipwa kwa tani atataka uzito, na hutaweza kumwambia apunguze vichala. Weka vipimajoto katika kimo cha machipukizi juu, katikati na chini ya kila mteremko kwa muda wote huo. Andika tarehe ya kuchipua, ya kuchanua na ya kuvuna, pamoja na sukari, tindikali na pH (kipimo cha ukali wa tindikali). Kama mavuno yanachelewa hadi mvua za vuli na kuvu wa kijivu anayeozesha vichala kwa misimu miwili kati ya mitatu, usinunue hapo: umeokoa mtaji.

Udhaifu wa njia hii tunaukubali. Zabibu za jirani haziwezi kukueleza kila kitu kuhusu mteremko wako, na mwaka wa uhaba mkulima aweza kuwauzia wengine. Pia usidhani utazisafirisha hadi kiwanda cha nyumbani. Kreti za zaidi ya kilo 20 huponda vichala vya chini, maji yanavuja, hamira za porini na bakteria wa siki wanaanza kazi njiani, na maji ya Pinot Noir yaliyokusudiwa mvinyo mweupe yanachukua rangi ya waridi. Sheria nayo hufunga mlango: Umoja wa Ulaya unakataza zabibu kutoka nje ya mipaka yake kugeuzwa mvinyo ndani yake. Kodi nafasi katika kiwanda cha hukohuko.

Jambo linalosahaulika ni watu. Familia ya Torres ya Catalonia, Hispania, ilipoanza Curicó, Chile, mwaka 1979, mavuno ya kule yaliangukia miezi ya mwanzo wa mwaka na ya nyumbani mwisho wa kiangazi, kwa hiyo mtaalamu mmoja aliweza kuwapo kote kuwili. Beaune na Oregon, au Champagne na Kent, huvuna karibu wakati mmoja. Hapo familia lazima impeleke mmoja wao akaishi kule, au imwajiri mkuu wa shamba wa hukohuko na kumpa mamlaka ya kuamua siku ya kuvuna bila kupiga simu nyumbani. Kama hakuna aliye tayari kwa lolote kati ya haya, hata ardhi nzuri haifai.

Kuhusu hofu ya bei kupanda wakati wa kusubiri, dawa ni kukodi ardhi kwa mkataba wenye haki ya kununua baadaye kwa bei iliyoandikwa sasa, na kuusajili kabla ya chupa ya kwanza ya majaribio kuonjwa na mtu wa nje. Mwenye ardhi atataka ada kwa kuifunga bei hiyo. Mlipeni: ada hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kung'oa miche 40,000.