Si umeme, ni kichupa

Alhamisi iliyopita nilimkuta binti mmoja wa shahada ya pili amekaa kwenye ngazi za nyuma za maabara, zile zinazotazama ziwa, analia. Hakikuwa kilio cha msiba. Kilikuwa kile cha mtu aliyeambiwa kwa adabu nyingi kwamba hajui kazi. Kwenye simu yake kulikuwa na barua pepe ya msimamizi wake wa pili, aliye ng'ambo, mtu mwenye heshima zake, ambaye hajawahi kukanyaga Mwanza ila ana uhakika mkubwa sana kuhusu Mwanza. Anashukuru kwa picha ya jaribio. Anaona mstari umetokea mahali pasipo pake. Anahisi kingamwili, ile dawa ya maabara inayonasa protini unayoitafuta, iliharibika njiani au kwenye friza. Anaomba tushughulikie kwanza suala la umeme, ndipo binti arudie.

Suala la umeme. Jamani.

Sentensi hiyo naijua kama ninavyoijua honi ya kivuko cha Kamanga. Kazi ikikwama, ni umeme. Ikikwama siku ambayo umeme haukukatika, ni maji. Maji yakiwa safi, ni joto. Ikikubali, basi ni matunda ya ushirikiano wa kimataifa, na jina la kwanza kwenye makala si letu.

Sasa tufikirie kidogo. Huu ni mji unaokata minofu ya sangara na kuipandisha ndege hadi Ulaya ikiwa ingali baridi, na wanunuzi wa huko si watu wa kukubali samaki aliyelala. Vijana wa Kirumba wanaijua barafu kuliko maprofesa wengi. Mama anayeuza sato pale Mwaloni hahitaji kipimajoto. Anafunua shavu la samaki mara moja tu na kukuambia alivuliwa lini. Halafu kichupa cha kingamwili cha mikrolita 100, ambacho kingeingia kwenye kisanduku cha kiberiti, ndicho kitushinde?

(Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wakati wa ule mgao mkali tulipoteza vitu. Usiku mmoja friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ilipanda hadi nyuzi 20 chini ya sifuri kwa sababu jenereta ilikuwa na dizeli lakini mlinzi hakuwa na ufunguo. Nilimsema sana yule mzee. Kumbe ufunguo nilikuwa nao mimi, mfukoni mwa koti. Tuliache hilo.)

Tena kingamwili si maziwa. Nyingi huvumilia siku kadhaa nje ya baridi, na wapo watengenezaji wanaozituma bila barafu kabisa. Kinachoziumiza zaidi ni kugandishwa na kuyeyushwa, kugandishwa na kuyeyushwa. Binti alikigawa kichupa chake kwenye vidogo kumi na viwili siku ile ile kilipofika, kila kimoja na tarehe yake. Namjua kwa sababu nilimfundisha mimi, na ndiyo maana ile barua pepe nami iliniingia.

Kisa chenyewe ni hiki. Anachunguza protini moja ya nyuroni, yaani seli za neva, kwenye ubongo wa panya, uzito wake kama kilodaltoni 50 (ndicho kizio cha uzito wa protini). Kichupa kilinunuliwa kwa dola 400 na ushee, yaani zaidi ya milioni moja ya kwetu kabla ya nauli, kabla ya wakala wa forodha, kabla ya wiki sita za kupigiwa simu na kuulizwa kama hiyo kinga ni chanjo na kama ni chanjo kibali kiko wapi. Akapiga bloti, yaani akatenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, akazihamishia kwenye karatasi na kuitia kingamwili, ili mstari utokee pale iliponasa. Mstari ukatokea, mweusi, mnene, wa kupendeza, ila kwenye 70. Akarudia: 70. Akabadilisha jeli, akabadilisha maziwa ya kuzuilia kingamwili isinate ovyo, akaosha karatasi mara sita badala ya tatu: 70.

Sasa nani amewahi kuona kitu kilichoharibika kwa joto kikawa na msimamo namna hiyo? Kingamwili iliyokufa hukuachia karatasi tupu, au ukungu mtupu. Hii ilikuwa hai na ina nguvu zake zote, ila ilikuwa inamkamata mtu mwingine.

Jibu tulilipata kwenye ini. Ijumaa mchana nilikuwa kwa mama ntilie wa hapo nje nasubiri sahani ya maini, ndipo nikamkumbuka yule panya. Tulikuwa tumemtoa ubongo tu. Vingine vyote vilikuwa bado kwenye friza, kwenye mfuko unaosubiri tanuri la taka. Na kwa data zote zilizo wazi, ini halitengenezi protini ile. Nikarudi mbio, nikamwambia binti, "Mdogo wangu, kesho tunasaga ini." Akanitazama kama vile nimechanganyikiwa. "Dada, ini la nini tena?" Jumamosi tukasaga ini, tukasaga na nyama ya paja, tukavipandisha kwenye jeli moja sambamba na ubongo. Mstari wa 70 ukatokea kote kutatu. Kwenye ini ndiko ulikuwa mnene zaidi.

Najua wabishi watasema ini si ushahidi wa mwisho, na wako sahihi. Ushahidi wa mwisho ni seli, au panya, aliyeondolewa jeni ya protini hiyo. Ukiweka seli zenye jeni upande huu na zisizo nayo upande ule, na mstari ukabaki pande zote mbili, hapo hakuna tena cha kujadili. Panya wa namna hiyo hatuna, na hatutakuwa naye mwaka huu. Ini tunalo.

Jumapili nilikosa misa, Mungu anisamehe, nikashinda kwenye ripoti za wale jamaa wa Montréal wanaojiita YCharOS, walio kwenye taasisi ya ubongo ya Chuo Kikuu cha McGill. Kazi yao ndiyo hiyo: kununua na kupewa kingamwili na kuzipima kwa seli zilizoondolewa jeni. Mwaka 2023 walitoa hesabu ya kingamwili 614 kwa protini 65 zinazohusu mfumo wa fahamu. Zaidi ya nusu zilifeli jaribio moja au zaidi. Kwa kila protini walikuta, kwa wastani, makala kama 12 zilizokwisha kuchapishwa zikiwa na data ya kingamwili isiyoitambua kabisa protini inayotajwa. Kumi na mbili! Kwa kila protini! Na hizo hazikufanyika Mwanza. Hakuna aliyeandikiwa barua pepe kuhusu umeme.

Protini yetu haimo kwenye orodha yao. Niliitafuta mara tatu.

Kilichonikera kuliko vyote si kichupa kibovu, maana vibovu vipo kila soko. Nilimuuliza binti: kati ya kingamwili zote za protini hii, kwa nini ulichukua hii? Akajibu bila kusita: ndiyo inayotajwa kwenye makala nyingi kuliko zote, na msimamizi alisema nichukue inayotumiwa na watu. Basi. Hiyo ndiyo sayansi yetu. Daladala imejaa mpaka mlangoni, kondakta ananing'inia, nasi tunapanda kwa sababu imejaa, bila kuuliza kama inaenda Buhongwa au Igoma. Mwuzaji anajua tunavyonunua, ndiyo maana kwenye ukurasa wake ameweka idadi ya makala juu kabisa, kwa herufi nene, na picha ya bloti ameikata ikabaki kamstari kamoja kembamba, kama picha ya pasipoti, usione kilicho juu wala chini.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa hapa aukariri. C9ORF72 ni jeni inayohusishwa na ugonjwa wa nyuroni unaodhoofisha misuli mpaka mtu anashindwa kupumua. Dunia nzima iliikimbilia. Mwaka 2019 kundi hilo hilo la Montréal likazipima kingamwili zake kwa seli zisizo na jeni, likakuta kwamba baadhi ya makala zilizotajwa sana kuhusu protini hiyo zilitumia kingamwili zisizoitambua. Watu wameandika protini inakaa wapi ndani ya seli, inafanya nini, wamepata digrii, wamepanda vyeo, na kichupa hakijawahi kuiona protini hiyo hata siku moja. Kila aliyefuata alinunua hicho hicho kwa sababu aliyemtangulia alikinunua.

Kwa tajiri, huo ni usumbufu tu. Anatupa kichupa Jumatatu, anaagiza vitatu Jumanne, Alhamisi vipo mezani. Bradbury na Plückthun waliandika kwenye jarida la Nature mwaka 2015 wakikadiria kwamba dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kingamwili zisizo na ubora. Hizo ni hela za watu walio nazo. Binti huyu ana bajeti ya vichupa viwili kwa shahada nzima, na kimoja tayari kimeliwa na ini. Mtu kama huyo ndiye anayetakiwa kuwa mbishi kuliko wote, ndiye wa kumwambia mwuzaji, nionyeshe bloti nzima ya seli zisizo na jeni au baki na bidhaa yako. Badala yake tunamfundisha unyenyekevu. Tunamfundisha kuomba radhi kwa ajili ya TANESCO.

Nasema hivi kwa sababu kanda hii yenyewe imeshaonyesha kwamba kingamwili nzuri husamehe mengi. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya kupima kichaa cha mbwa kwa bongo za wanyama zilizokusanywa huku kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kipimo kilitumia kingamwili dhidi ya kirusi, rangi, na darubini ya kawaida tu, si ile ya mwanga wa florosenti ambayo wengi hatuna. Sampuli nyingine zilikuwa zimekaa kwenye gliserini miezi 15. Majibu yakakubaliana na kipimo rasmi kwa asilimia 100. Jipeni dakika moja ya kuliwaza hilo: ubongo wa mnyama wa porini, umechukuliwa kwenye vumbi na jua, umekaa kwenye chupa mwaka na zaidi, na bado ukweli ukapatikana. Kila nikifika kwenye hayo majibu huwa natabasamu peke yangu kama mjinga.

Kuna kijana mwingine hapa anataka kutazama ubongo wa furu, yule samaki mdogo wa ziwani. Namtakia heri, maana kichupa chake kimeandikwa kwamba kinafaa kwa "binadamu, panya", na furu hajui kusoma.

Na zile kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya sungura, tafadhali, muangalie namba ya toleo. Sungura akifa, damu yake imeisha. Toleo linalofuata ni la sungura mwingine mwenye mambo yake. Tangu wanasayansi Köhler na Milstein mwaka 1975 kuna njia ya kuzalisha aina moja ile ile kutoka kwenye seli, na siku hizi kuna za rikombinanti zinazotengenezwa kwa mfuatano wa jeni unaojulikana. Hizo za mwisho ndizo zilizofanya vizuri zaidi kwenye hesabu ya Montréal. Ni ghali kidogo. Nunua.

Haya, na mimi nikubali jambo moja lisilonipendeza. Kingamwili ya NeuN ilitoka mwaka 1992 na kila mtu akaitumia kuhesabu nyuroni, sisi tukiwemo, bila yeyote kujua inashika protini gani. Ilikuja kujulikana mwaka 2009 kuwa ni Fox-3. Miaka 17 ya kumwita mtu kwa jina la mtaani, na kazi ilikwenda. Kwa hiyo ndiyo, wakati mwingine daladala iliyojaa inafika. Na kampuni nazo, baada ya kuonyeshwa hesabu ya 2023, ziliondoa sokoni karibu asilimia 20 ya zile zilizofeli na kubadilisha maelekezo ya nyingine karibu asilimia 40. Vizuri sana. Sasa nani alimwandikia aliyenunua mwaka juzi?

Binti alimjibu msimamizi wake mwenyewe, akanikataza nisimwandikie. Aliambatanisha picha nzima, ubongo, ini na paja, bila kukata. Jibu lilikuja Jumatatu usiku, neno moja: "Inavutia." Mwuzaji naye ametutumia fomu ya malalamiko yenye maswali 23. Swali la kwanza: ilihifadhiwa kwenye nyuzi ngapi. La nne: je, eneo lenu lina umeme wa uhakika.

Tunaijaza. Wakati huohuo tumeanzisha droo moja kwenye friza ya nyuzi hasi 80, ya viungo vya panya ambavyo kila mtu alikuwa anavichoma: ini, wengu, figo, paja, moyo, vimesagwa na kupimwa protini, tayari kwa jeli. Kama uko Mwanza, Musoma, Bukoba, hata Geita, na mstari wako una tabia za kutiliwa shaka, njoo uchukue kidogo. Njoo na barafu yako. Ufunguo wa jenereta siku hizi uko kwa mlinzi.